Kutoka Delta ya Rufiji hadi Goma: Mabadiliko ya Majukumu ya Kijeshi ya Ndege Zisizo na Rubani Zikaazo Angani Muda Mrefu katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majukumu ya kijeshi ya ndege zisizo na rubani zenye uwezo wa kukaa angani kwa muda mrefu yalivyobadilika katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Mjadala unaanza na upelelezi wa anga katika delta ya Rufiji mwaka 1915, unapitia mashambulizi ya anga ya Somaliland mwaka 1920, kisha unajikita katika matumizi ya ndege zisizo na rubani nchini Somalia, Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mwaka 2002. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kukaa angani muda mrefu uliunganisha kazi tatu ambazo zamani zilifanywa na watu tofauti: kutafuta, kutambua na kuua. Hata hivyo, muungano huo haukuambatana na ukuaji sawa wa uwajibikaji kwa watu walioko ardhini. Makala yanabainisha pia kwamba jicho la angani halikuweza kuwa mbadala wa askari, maarifa ya wenyeji na mipango ya uokoaji, kama yanavyodhihirisha matukio ya Semuliki na Manda Bay.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayepita Misugusugu kwa Barabara ya Morogoro yumo katika mkoa ambao una nafasi ya pekee katika historia ya vita vya anga barani Afrika. Mkoa wa Pwani, ambao makao makuu yake yako Kibaha na ambao unazijumuisha pia Kisarawe, Mafia na maeneo ya Rufiji, ni mahali ambapo ndege za kijeshi zilitumika mwaka 1915 kumtafuta adui aliyejificha, kumtazama na kuielekeza mizinga impige. Miaka mia moja baadaye, kazi hiyohiyo inafanywa na mtambo usio na rubani ndani yake, ambao aghalabu huongozwa na mtu aliyeketi katika bara jingine.

Mitambo hiyo huitwa kwa majina mbalimbali. Vyombo vya habari hutumia “droni”, wazungumzaji wengi wa Tanzania husema “ndege nyuki”, na nyaraka za kiserikali huelekea kutumia “ndege zisizo na rubani”. Makala haya yanatumia istilahi ya mwisho, na yanahusu aina moja tu: ndege kubwa zinazoweza kukaa angani kwa saa nyingi mfululizo, zikiwa na kamera za mchana na usiku, na katika hali nyingine makombora. Ndege ndogo zinazotumika kupiga picha za harusi, kupima mashamba au kuchora ramani hazimo katika mjadala huu.

Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ndege hizo zilipotoka katika kazi ya kutazama na kuingia katika kazi ya kushambulia, ni nini kilichobadilika katika vita vya kanda hii, na ni nini kilichobaki vilevile? Swali hilo lina uzito kwa Tanzania kwa sababu askari wake wamepigana na kufa mashariki mwa Kongo chini ya anga ambamo ndege za aina hii zimekuwa zikiruka tangu mwaka 2013.

2.0 Jicho la Angani Kabla ya Ndege Zisizo na Rubani

2.1 Delta ya Rufiji, 1914–1915

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baadaye ilikimbilia ndani ya delta ya Rufiji, ambako mikoko, mito iliyogawanyika na maji mafupi viliifanya isifikiwe na meli kubwa za Waingereza. Tatizo la Waingereza halikuwa uhaba wa mizinga. Walichokosa ni namna ya kuona mahali mizinga hiyo ilipopaswa kulenga.

Suluhisho lilikuwa ndege. Mwezi Novemba 1914 rubani wa kiraia, H. Dennis Cutler, aliruka na ndege ya majini aina ya Curtiss iliyokodishwa kutoka Durban, akathibitisha mahali meli ilipokuwa. Kabla ya mwaka kwisha ndege yake iliharibika, naye akatekwa. Ndege nyingine zilizoletwa baadaye zilishindwa kustahimili joto na unyevu wa pwani: gundi iliachia, mbao zilipinda, na injini zilikosa nguvu za kutosha kunyanyua mzigo. Baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915, walitengeneza humo uwanja wa ndege za magurudumu. Tarehe 6 Julai meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kushambulia zikiongozwa na ndege, lakini hazikufanikiwa. Tarehe 11 Julai zilirudi. Rubani John Cull na mtazamaji wake Harold Arnold walituma kwa redio masahihisho ya shabaha hadi makombora yalipoanza kuigonga Königsberg. Ndege yao ilipigwa, nao waliendelea kutuma taarifa wakiwa wanashuka kuelekea majini, ambako waliokolewa.

Tukio hilo linaonesha mambo mawili. Kwanza, kutazama na kupiga zilikuwa kazi mbili zilizotenganishwa. Aliyeona hakuwa na silaha ya kuizamisha meli, na mwenye silaha hakuona. Kati yao palikuwa na mawasiliano ambayo yangeweza kukatika wakati wowote. Pili, muda wa ndege kukaa juu ya shabaha ulikuwa mfupi. Ndege moja ilipolazimika kurudi Mafia, wapigaji walibaki vipofu hadi nyingine ifike. Historia ya ndege zilizofuata ni, kwa sehemu kubwa, historia ya juhudi za kuziondoa dosari hizo mbili.

Ni muhimu pia kukumbuka kilichotokea baada ya Königsberg kuharibiwa. Wajerumani waliiopoa mizinga yake, ikapelekwa Dar es Salaam kwa nguvu za watu walioivuta nchi kavu, na ikatumika katika vita vya bara kwa miaka iliyofuata. Jicho la angani lilihesabu meli kuwa imekwisha, ilhali nguvu yake ya kijeshi ilihamia mahali ambapo jicho hilo halikufika.

2.2 Somaliland, 1920

Miaka mitano baadaye Waingereza walikwenda hatua moja mbele. Mwezi Januari 1920 kikosi kidogo cha Jeshi la Anga la Uingereza chenye ndege 12 kilitumwa Somaliland kupambana na Madervishi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, ambao walikuwa wamepigana na wakoloni kwa takribani miaka 20. Safari hii ndege zilitafuta na kupiga zenyewe, huku askari wa ardhini wakifuata. Ngome za Madervishi zilianguka katika muda wa wiki chache. Sayyid mwenyewe alinusurika, akakimbilia Ogaden, na akafariki kwa maradhi mwishoni mwa mwaka huo.

Maofisa wa Uingereza waliyatumia matokeo hayo kama ushahidi kwamba himaya ingeweza kutawaliwa kutoka angani kwa gharama ndogo. Hoja ya gharama ndogo kwa mwenye ndege, bila kuhesabu gharama ya aliye chini, ilizaliwa katika ardhi ya Wasomali takribani miaka 90 kabla ya ndege isiyo na rubani kufyatua kombora lake la kwanza huko.

3.0 Ustahimilivu wa Angani na Maana Yake ya Kijeshi

Ndege aina ya Predator iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na kupelekwa katika vita vya Bosnia mwaka 1995 kwa kazi ya upelelezi pekee. Uwezo wake wa kukaa angani kwa takribani saa 24 ulitokana na sababu za kawaida za kiufundi: mabawa marefu na membamba, injini ndogo, mwendo wa polepole, na kutokuwapo kwa rubani mwenye kuhitaji kiti, hewa na usingizi. Rubani na mwendesha kamera hubaki ardhini, nao hubadilishana zamu wakati ndege ikiendelea kuzunguka.

Utaratibu wa kuiendesha uligawanyika pande mbili. Kikundi kilicho karibu na uwanja huirusha na kuitua kwa mawimbi ya redio ya moja kwa moja. Ikishafika juu, mamlaka huhamishiwa kwa setilaiti hadi kwa kikundi kingine, ambacho kwa ndege nyingi za Marekani huwa ndani ya Marekani kwenyewe. Kwa sababu hiyo, ndege hizi hazikuondoa hitaji la ardhi ya Afrika. Ziliendelea kuhitaji njia ya kurukia, mafuta, mafundi, ulinzi na kibali cha serikali mwenyeji.

Mwezi Februari 2001 Predator ilijaribiwa ikiwa na kombora aina ya Hellfire, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa ikishambulia nchini Afghanistan. Tarehe 3 Novemba 2002 shambulio la ndege ya aina hiyo liliua watu 6 nchini Yemen, ng’ambo ya Ghuba ya Aden. Ndege hiyo iliripotiwa kuruka kutoka Djibouti. Kwa tukio hilo Pembe ya Afrika iliingia katika historia ya mashambulizi ya mbali, kwanza kama uwanja wa kurukia, na baadaye kama shabaha.

Badiliko lililoletwa na ustahimilivu si la kuongeza saa tu. Ndege ya kawaida humwona mtu kwa dakika chache, lakini ndege ikaayo siku nzima huuona mwenendo wake: anatoka wapi, analala wapi, anakutana na nani. Kutokana na mwenendo huo wachambuzi hujenga hukumu kwamba mtu fulani ni adui. Kwa hiyo kifaa cha upelelezi kiligeuka pia kuwa kifaa cha kutoa hukumu, na kilipofungwa kombora kikawa kifaa cha kuitekeleza. Umbali kati ya jicho na mzinga, ambao mwaka 1915 ulikuwa wa kilomita nyingi za mikoko, ulifutika.

4.0 Somalia: Kutoka Kutazama hadi Kuua

Mtandao wa vituo vya Marekani katika kanda ulikua taratibu. Kambi ya Lemonnier mjini Djibouti ikawa kitovu tangu mwaka 2003. Mwaka 2009 ndege aina ya Reaper, ambazo ni kubwa kuliko Predator na zinaweza kukaa angani kwa takribani saa 27, zilipelekwa Mahé nchini Shelisheli, kwa maelezo ya awali kwamba zilikuwa za kuwafuatilia maharamia wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2011 kituo kingine kilianza kutumika Arba Minch, kusini mwa Ethiopia, na kiliendelea hadi mwaka 2015. Mwezi Septemba 2013, baada ya ajali kadhaa na hofu ya Djibouti kuhusu usalama wa ndege za abiria, ndege zisizo na rubani zilihamishwa kutoka Lemonnier kwenda Chabelley, nje ya mji.

Mwezi Juni 2011 ndege isiyo na rubani ya Marekani ilishambulia karibu na Kismayo, na tukio hilo huhesabiwa kuwa shambulio la kwanza la aina yake linalojulikana nchini Somalia. Katika hatua ya kwanza shabaha zilikuwa viongozi mmojammoja. Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa Al-Shabaab, aliuawa tarehe 1 Septemba 2014. Adan Garar, aliyehusishwa na shambulio la Westgate jijini Nairobi lililoua watu 67 mwezi Septemba 2013, aliuawa mwezi Machi 2015.

Hatua ya pili ilikuja pale shabaha zilipotoka kwa mtu mmoja na kuwa mikusanyiko. Tarehe 5 Machi 2016 ndege zenye rubani na zisizo na rubani zilishambulia kambi ya Raso, kaskazini mwa Mogadishu, na Marekani ikatangaza kuwa wapiganaji takribani 150 waliuawa. Mwezi Machi 2017 utawala wa Rais Donald Trump ulilegeza masharti ya kushambulia katika sehemu za Somalia, na idadi ya mashambulizi ikapanda. Jukumu lilikuwa limebadilika tena. Ndege hizi sasa zilifanya kazi ya jeshi la anga linalosaidia vikosi vya ardhini vya Somalia na vya Umoja wa Afrika.

Mabadiliko hayo hayakuondoa makosa ya kutambua. Tarehe 28 Septemba 2016, karibu na Galkayo, shambulio la anga la Marekani liliua watu 10 waliodhaniwa kuwa Al-Shabaab. Tathmini ya jeshi la Marekani lenyewe ilibaini baadaye kuwa walikuwa wapiganaji wa upande wa Galmudug, utawala wa jimbo la Somalia uliokuwa ukipigana na Al-Shabaab. Mwezi Aprili 2019 Kamandi ya Afrika ya jeshi la Marekani ilikiri kwamba shambulio la tarehe 1 Aprili 2018 karibu na El Buur lilimuua mwanamke na mtoto. Ukiri huo ulikuja mwaka mmoja baada ya tukio, kufuatia shinikizo la watetezi wa haki za binadamu. Kamandi hiyo ilianza kutoa taarifa za robo mwaka kuhusu madai ya vifo vya raia mwezi Aprili 2020, yaani takribani miaka 9 baada ya shambulio la kwanza.

Tukio la Galkayo lina funzo la kihistoria. Kamera iliona watu wenye silaha, na kwa kiasi hicho iliona sawasawa. Haikuweza kuona uhasama wa majirani wa Puntland na Galmudug, wala historia ya nani alikuwa akimwita nani gaidi. Maarifa ya namna hiyo hukaa kwa wazee, wafanyabiashara na madereva. Saa 27 za kuzunguka angani haziwezi kuyatoa.

Pwani ya Waswahili nayo haikubaki nje. Manda Bay, katika Kaunti ya Lamu nchini Kenya, kilikuwa kituo ambamo Marekani iliweka ndege za upelelezi. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia, wakawaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege kadhaa. Uchunguzi wa jeshi la Marekani uliotangazwa baadaye ulitaja uzembe, mafunzo hafifu na ulinzi usiotosheleza. Kituo kilichokuwepo kwa ajili ya kuwatazama wengine mbali kilishindwa kumwona adui aliyejongea kwa miguu kupitia vichaka vya jirani.

5.0 Kongo: Jicho Lisilo na Silaha

Mashariki mwa Kongo kulikuwa na jaribio la aina tofauti. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma mwezi Novemba 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio Na. 2098 mwezi Machi 2013 na kuunda Brigedi ya Uingiliaji Kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa ulipata idhini ya kutumia ndege za upelelezi zisizo na silaha. Rwanda ilionesha wasiwasi mwanzoni, ikipinga Afrika kugeuzwa maabara ya vifaa vya kijasusi kutoka nje.

Tarehe 3 Desemba 2013 ndege aina ya Falco, zilizotengenezwa Italia na kuendeshwa kwa mkataba na kampuni binafsi, zilizinduliwa rasmi Goma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa kuendesha ndege za namna hiyo. Mwezi Mei 2014 moja kati yake iliona chombo kilichopata ajali katika Ziwa Kivu, na boti za walinda amani zikaenda kuokoa watu. Jukumu hilo la kibinadamu halikuwa limetangulizwa katika fikra za waliobuni ndege za upelelezi za kijeshi.

Mpangilio wa tarehe unastahili kuzingatiwa. M23 walishindwa mwanzoni mwa Novemba 2013, takribani mwezi mmoja kabla ya Falco kuzinduliwa. Ushindi huo ulitokana na jeshi la Kongo, askari wa brigedi, mizinga, helikopta na shinikizo la kidiplomasia. Ndege zisizo na rubani zilifika baada ya ushindi, na sifa zilizopewa wakati mwingine hazikuzingatia ukweli huo.

Miaka minne baadaye ilidhihirika kwamba kuwa na jicho angani hakumaanishi kuwa salama. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha walinda amani cha Semuliki, katika eneo la Beni, kilishambuliwa kwa saa nyingi na watu walioaminika kuwa wa kundi la ADF. Walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa na makumi kujeruhiwa. Yalikuwa mauaji makubwa zaidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika shambulio moja kwa zaidi ya miaka 20. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwezi Machi 2018 ulitaja mapungufu ya mafunzo, kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa walioshambuliwa, matatizo ya amri na uongozi, pamoja na uhaba wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Kwa Tanzania, Semuliki ndiyo sura nzito zaidi ya historia hii. Miaka minne baada ya uzinduzi wa Goma, majeneza yaliyopokewa Dar es Salaam yalikuwa ya vijana wa nchi ambayo askari wake walikuwa miongoni mwa wanufaika waliotarajiwa wa teknolojia hiyo. Picha kutoka angani huwa na thamani pale tu panapokuwa na mtu wa kuisoma kwa wakati, amri ya kuifanyia kazi, na helikopta au barabara ya kumfikisha mwokoaji. Kiungo kimoja kikikosekana, picha hubaki kuwa kumbukumbu.

6.0 Kutoka Dola Kuu hadi Dola za Kanda

Kuanzia mwaka 2021 umiliki wa ndege hizi ulipanuka. Serikali ya Ethiopia, iliyokuwa imetoa uwanja wa Arba Minch kwa Marekani, sasa ilipata ndege zake yenyewe kwa ajili ya vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020. Taarifa nyingi zilitaja Bayraktar TB2 za Uturuki, Wing Loong za China na Mohajer-6 za Iran. Mwishoni mwa mwaka 2021, wakati vikosi vya Tigray vilipokuwa vikisonga kuelekea Addis Ababa, mashambulizi ya ndege hizo dhidi ya misafara na njia ndefu za ugavi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowalazimisha kurudi nyuma.

Hata hivyo, mwezi Januari 2022 shambulio katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit liliua watu zaidi ya 50. Lilikuwa shambulio la serikali juu ya raia wa nchi yake. Hoja kwamba tatizo la ndege hizi ni ukoloni wa anga wa mataifa ya nje haitoshi kueleza Dedebit. Mwenye ndege alikuwa Mwafrika, lakini pengo la uwajibikaji lilikuwa lilelile.

Nchini Somalia, Uturuki ilijiunga na Marekani kama msaidizi wa anga. Tarehe 18 Machi 2024 mashambulizi yaliyotumia TB2 yaliua raia 23, wakiwemo watoto 14, katika Shabelle ya Chini, kwa mujibu wa Amnesty International. Swali la nani hasa aliamuru mashambulizi linaonesha utata mpya: ndege inaweza kuwa ya nchi moja, mafunzo ya nchi nyingine, na taarifa za shabaha za nchi ya tatu.

Kongo nayo ilinunua ndege za CH-4 kutoka China na kuzitumia dhidi ya M23 waliokuwa wamefufuka. Wapinzani nao walijifunza. Mwezi Februari 2024 ilielezwa katika nyaraka za Umoja wa Mataifa kwamba kombora la kutungulia ndege lilirushwa kuilenga ndege ya upelelezi ya Umoja huo huko Rutshuru, na mwezi huohuo jeshi la Kongo liliituhumu Rwanda kwa shambulio la ndege isiyo na rubani dhidi ya uwanja wa Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa tena. Umiliki wa ndege za mashambulizi haukutosha kuzuia adui mwenye nidhamu na silaha za kujilinda dhidi ya ndege.

Sudan inakamilisha picha. Katika vita vilivyoanza Aprili 2023, pande zote mbili zimetumia ndege zisizo na rubani, na mwezi Mei 2025 mji wa Port Sudan, uliokuwa mamia ya kilomita mbali na mstari wa mapigano, ulishambuliwa kwa siku kadhaa mfululizo. Uwezo uliokuwa wa dola kuu moja mwaka 2002 umefika mikononi mwa wanamgambo katika muda wa kizazi kimoja.

7.0 Mjadala

Matukio yaliyochambuliwa yanaonesha hatua nne za majukumu: upelelezi pekee, uwindaji wa mtu mmojammoja, msaada wa anga kwa vikosi vya ardhini, na hatimaye mashambulizi ya kina dhidi ya miji na njia za ugavi. Hatua hizo hazikufutana. Mwaka 2025 zote zilikuwa zikiendelea kwa wakati mmoja katika kanda hii.

Kuna mambo matatu yaliyobaki bila kubadilika. La kwanza ni utegemezi wa ardhi. Mafia mwaka 1915 na Chabelley mwaka 2013 zinafanana kwa kuwa kila jicho la angani lina mahali pa kutua, na anayetoa mahali hapo anabeba sehemu ya dhamana ya yanayofanywa kutoka hapo. La pili ni utegemezi wa maarifa ya ardhini, kama inavyodhihirika Galkayo na Manda Bay. La tatu ni ukimya wa walioko chini. Kumbukumbu za delta ya Rufiji zimehifadhi majina ya marubani na mabaharia, lakini waliovuta mizinga hawakuandikwa. Kadhalika, taarifa za karne ya 21 hutaja aina ya ndege na kombora kwa usahihi, huku idadi ya waliokufa ikibaki ya kubishaniwa.

Sheria haiko kimya kabisa. Maoni ya Jumla Na. 3 ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yaliyopitishwa mwaka 2015, yanazihusisha silaha zinazoongozwa kutoka mbali na haki ya kuishi. Tanzania ilitunga kanuni za kiraia za ndege zinazoongozwa kutoka mbali mwaka 2018. Hata hivyo, kanuni za kiraia zinamgusa mpiga picha wa Kibaha kuliko zinavyogusa ndege ya kigeni yenye makombora inayopita juu ya nchi jirani. Nchi za kanda, ambazo huchangia askari katika operesheni za pamoja, zina sababu ya kudai mambo matatu kabla ya kupeleka vijana wao: haki ya kupata picha zinazohusu usalama wa vituo vyao kwa wakati, mpango wa uokoaji uliojaribiwa, na utaratibu wa wazi wa kuchunguza kila dai la kifo cha raia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ndege zisizo na rubani zikaazo angani muda mrefu zilizaliwa na haja ya zamani ambayo ilijidhihirisha mapema katika delta ya Rufiji: kumwona adui bila kukatizwa na kumpiga palepale anapoonekana. Teknolojia imetimiza haja hiyo kwa kiwango ambacho Cull na Arnold wasingeweza kukifikiri. Lakini ilipoziunganisha kazi za kutafuta, kutambua na kuua, iliondoa pia nafasi zilizokuwa kati yake, na katika nafasi hizo ndimo mtu mwingine angeweza kuuliza swali, kusita au kusahihisha kosa. Dedebit na El Buur ni matokeo ya kupotea kwa nafasi hiyo. Semuliki ni matokeo ya kosa la upande wa pili, yaani kuamini kuwa kuona kunatosha. Historia ya kanda hii itahukumiwa kwa namna nchi zake zitakavyoirudisha nafasi hiyo katika sheria, katika mafunzo ya majeshi na katika masharti ya kila kibali cha kurukia kinachotolewa kwa ndege ya nje.